Mlango wa Beira Ulilindwa, wa Nyuma Uliachwa Wazi

Serikali kubwa ikitangaza kwamba imeiwekea nchi fulani vikwazo vya uchumi, watu hupiga makofi. Sisi husubiri kwanza tuone nani amekabidhiwa ufunguo. Tuna sababu. Ya Rhodesia tuliyaona.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitwalia uhuru wa wachache. Uingereza haikupeleka askari. Ilisema vikwazo vitatosha. Januari 1966, mjini Lagos, Bwana Harold Wilson aliwaambia wakuu wa Jumuiya ya Madola kwamba huenda mambo yakamalizika kwa majuma, wala si kwa miezi. Yalichukua miaka 14.

Tazameni jinsi kazi yenyewe ilivyoendeshwa. Aprili 1966 Baraza la Usalama liliipa Uingereza ruhusa ya kuzuia kwa nguvu meli za mafuta zisiingie Beira. Manowari zikalinda huko mpaka 1975. Lakini mafuta yalikuwa yakishushwa Lourenço Marques, katika koloni lile lile la Mreno, yakapakiwa katika magari ya moshi yakaenda zake kwa Smith. Mwenye shamba anakesha na rungu mbele, ngedere wanakula mahindi nyuma!

Na wauzaji ni nani? Taarifa ya Bingham ya mwaka 1978, iliyoagizwa na serikali ya Uingereza yenyewe, ilionyesha kwamba makampuni ya Shell na BP yalihusika; na katika BP serikali hiyo hiyo ilikuwa na hisa kubwa. Mwaka 1968 ilibuniwa hila: kampuni ya Kifaransa, Total, ipeleke mafuta Rhodesia, nayo irudishiwe kiasi hicho hicho Afrika Kusini. Basi ikaweza kusemwa kwamba mafuta ya Mwingereza hayaendi kwa Smith. Hakuna aliyeshtakiwa. Marekani nayo, kwa sheria ya mwaka 1971, ilijifungulia kununua kromu ya Rhodesia hadi 1977.

Waliolipa ni wengine. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kwa njia ya Rhodesia, ilikatiwa na Smith Desemba 1965. Mapipa yakasafirishwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, na malori yakahangaika katika matope ya barabara ya kusini mpaka bomba la Ndola lilipokamilika 1968. Tanganyika na Zanzibar zilizoungana zilivunja uhusiano na Uingereza tarehe 15 Desemba 1965, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Na mpaka wa Msumbiji ulifungwa Machi 1976 na Frelimo, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru.

Hatusemi vikwazo havifai. Wananchi wa Zimbabwe wenyewe walivitaka. Ila serikali yetu ikiitwa tena kuunga mkono vikwazo juu ya nchi yo yote, wabunge wetu waulize kabla ya kuinua mikono: nani atakagua hati za mizigo bandarini? Nani ana mamlaka ya kutoa vibali vya kupitisha, na vitatangazwa hadharani? Mkurugenzi wa kampuni kubwa akikamatwa, atashtakiwa kama mchuuzi wa mpakani? Na jirani atakayeumia, atafidiwa kutoka mfuko gani? Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inampa haki ya kwenda kushauriana na Baraza la Usalama juu ya shida zake. Kushauriana tu, fedha haikutajwa.