Mtoto Hajanuna, Anaangalia Minyororo

Wiki hii povu limemwagika kwenye ukurasa wa mwanadada mmoja aliyewahi kutamba sana kwenye Bongo Fleva, ambaye siku hizi anaishi Uingereza na mumewe na watoto wao watatu. Shule za huko zimefunga kwa likizo ya kiangazi, familia ikapanda ndege mpaka Zanzibar. Badala ya picha za bwawa la kuogelea na vinywaji vya rangi, mama katupia picha kumi za familia nzima ikikatiza vichochoro vya Mji Mkongwe kwa miguu. Raba, kofia, chupa za maji. Basi.

Mashabiki hawakuamini. "Dada, umefulia?" akauliza mmoja. Mwingine akasema watoto waliozoea baridi wanateswa na jua. Wa tatu akashauri wakodi gari, kama vile gari litapita kwenye vichochoro ambavyo hata pikipiki ikija inabidi ujibane ukutani. Ila picha iliyowasha moto ni ya nane: mtoto wao wa kwanza, wa kiume, kama miaka kumi na moja hivi, kasimama ukingoni mwa shimo na wala haangalii kamera. Maoni yakafuatana: "Mbona mtoto kanuna?" "Mpelekeni beach jamani!"

Hapo ndipo watu walipochemka.

Shimo hilo liko Mkunazini, kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana. Ndani yake kuna sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs, iliyowekwa 1998. Eneo hilo lilikuwa soko la watumwa mpaka 1873, Sultani Barghash alipolifunga kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa ukaanza palepale. Wengi waliouzwa Zanzibar walitolewa bara, wengine mbali kabisa huko upande wa Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu mpaka pwani kabla ya kupakiwa majahazini. Sasa mtoto kafikishwa mahali kama hapo, kaelewa anachokiona, mnataka atabasamu? Mtoto hajanuna. Anafikiri. Na mama yake, ambaye angeweza kumwambia "geuka huku, cheka", alimwacha. Kati ya picha zote kumi, hiyo ndiyo yenye akili kuliko zote.

Kuna mastaa wanaowapeleka watoto Dubai kila mwaka, na ukiwauliza watoto wameona nini watakutajia maduka na lifti. Si dhambi, kila mtu na hela yake. Lakini mtoto anayekulia Ulaya mwenye wazazi wa Kitanzania ana swali moja litakalomfuata maisha yote: kwao ni wapi na kulitokea nini huko? Akikosa jibu nyumbani, atapewa na mtu mwingine darasani, tena nusunusu.

Halafu wanaosema matembezi hayo yanaboa hawajawahi kuyafanya. Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejaa stori za kumkalisha mtoto macho. Pale mbele ya Forodhani kuna Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, la kwanza kuwashwa umeme Zanzibar. Disemba 25, 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa linakarabatiwa, watu wawili wakafariki. Mtoto akiambiwa hivyo anaelewa kwamba mambo ya kale yanaweza kuanguka wakati wewe bado unasema utakwenda mwakani.

Mnapenda udaku? Binti wa Sultani, Salme, alipendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, akapata ujauzito, akatoroka kisiwani 1866 na baadaye akaandika kitabu kuhusu maisha yake. Mngekuwepo enzi hizo na simu zenu, mngemaliza bando. Mnapenda muziki? Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Zanzibar 1946, na ana makumbusho yake Shangani. Watoto wa Uingereza wanamjua kwa nyimbo; huyu wetu sasa anajua alikozaliwa.

Na milango je! Wenye macho wanaanza kutofautisha: ule wenye tao juu ni wa mtindo wa Kihindi, ule ulionyooka juu ni wa Kiarabu. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu milango ya kila aina, hatakuuliza "tunafika saa ngapi?" Akichoka, kuna juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na jioni kuna urojo. Nani ameteswa hapo?

Hata hivyo, si kila aliyelalamika ni mbea. Wenyeji waliosema kuhusu picha ya tano, mama akiwa na kaptula fupi na mabega wazi katikati ya mitaa ya watu, wana hoja ya msingi. Mji Mkongwe si seti ya video. Ni mitaa inayoishi watu, wengi wao Waislamu, wazee wamekaa barazani, watoto wanakwenda madrasa. Kanga moja ya kujitanda ingemaliza kesi. Mgeni kutoka nje anaweza kusingizia hakujua. Dada aliyekulia Dar hana huo utetezi, tena ana watoto watatu wanaojifunza kwake namna ya kuingia kwa watu. Heshima aliyoionyesha pale kwenye shimo ilitakiwa ianzie barabarani.

Ila kosa la kaptula halifuti safari nzima. Wanaomcheka wengi wanaishi Dar, boti ni kama saa mbili tu, na kila wakivuka wanapitiliza moja kwa moja Nungwi, wanapiga picha na machweo, wanarudi. Mji Mkongwe wanaujua kwa dirisha la teksi. Halafu huyu aliyetoka Uingereza na watoto wake, akakwepa mapapasi, akatafuta mtembezaji mwenye kitambulisho na kutembea asubuhi nzima, ndiye anayeitwa mshamba.

Ushamba ni kufika mahali ukaondoka hujui ulikuwa wapi. Aliyefulia anaweza kutafuta hela nyingine. Asiyejua atokako atanunua wapi?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Staa kafanya vizuri kumpeleka mtoto wa miaka hiyo pale Mkunazini, au angesubiri akue? Na wewe, mara ya mwisho kutembea mji wowote wa kale kwa miguu ni lini? Dondosha jibu hapo chini, na tafadhali matusi yabaki nyumbani.