Pasipoti Ibaki Melini au Ishuke Nasi?



Mama mmoja msomaji wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, ametuletea suala ambalo miaka michache nyuma lingetushangaza kulisikia. Mwanawe aliyeko Uingereza amemlipia yeye na binti zake wawili safari ya siku saba katika meli ya kitalii. Wataingia melini Piraeus, bandari ya Athens, wapite visiwa vya Ugiriki, wavuke hadi Kuşadası upande wa Uturuki, kisha warudi walikoanzia. Jirani aliyewahi kusafiri amemwambia pasipoti asiishushe kamwe, ataibiwa. Mwanawe naye amemwambia asishuke bila pasipoti, asije akaachwa na meli akabaki mkono mtupu. Ashike la nani?

Tungependa kumjibu kwa neno moja, lakini lingekuwa neno la kumhadaa. Wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa upande wake, na kati ya hatari hizo mbili msafiri hana budi kuchagua upya katika kila bandari.

Kwanza tuifahamu meli yenyewe. Abiria anapoingia siku ya kwanza hupigwa picha na kupewa kadi ndogo mfano wa kadi ya benki. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo ya kulipia matumizi ya ndani, na ndiyo inayosomwa na mashine mlangoni kila ashukapo na kila arudipo. Kwa hivyo saa yoyote nahodha akitaka kujua nani yuko nchi kavu, anaambiwa kwa jina na kwa sura. Wala utaratibu huu haukuzaliwa leo. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa hapa mwaka 1331, ameeleza katika habari za safari zake kwamba huko Uchina makarani wa serikali walipanda chomboni kabla hakijang'oa nanga, wakaandika kila mtu aliyemo, na chombo kikirudi wakawahesabu tena mmoja mmoja. Akikosekana mtu, mwenye chombo hutakiwa kueleza alikokwenda. Ameeleza pia kituo cha Qatya, katika njia ya jangwani baina ya Misri na Sham, ambapo mwaka 1326 hakuna aliyeruhusiwa kupita bila hati kutoka upande anaotoka. Wazee wetu waliita hati kama hiyo pasi, na mabaharia wa majahazi waliijua vyema.

Ama kadi ya meli, thamani yake inakoma kwenye ngazi ya meli. Polisi wa Athens haitambui, wala afisa wa uhamiaji wa Uturuki hatafunguliwa mlango nayo. Ni kitambulisho baina ya abiria na kampuni tu. Hili ndilo wengi wasilolijua, wakashuka na kadi mfukoni wakidhani wamekamilika.

Katika baadhi ya safari, watumishi wa meli huzikusanya pasipoti siku ya kwanza na kuziweka ofisini mwao, ili maofisa wa kila bandari wazikague zote kwa pamoja pasi na kumpanga foleni kila abiria. Ikiwa ndivyo, suala la mama yetu limekwisha kujibiwa na wengine: hana pasipoti ya kushuka nayo, atashuka na nakala. Basi nakala aitoe kabla ya kuikabidhi. Tena aitoe nyumbani, Mombasa, kwa rangi, ukurasa wenye picha na ukurasa wenye viza, kwa sababu nakala inayotafutwa siku ya kupanda meli hupatikana kwa tabu na kwa bei ya mtalii. Na anapoikabidhi pasipoti aulize ataipata lini na kwa nani, na kama kuna stakabadhi aichukue.

Ikiwa meli haikuzikusanya, kuna bandari ambazo lazima pasipoti yenyewe ishuke, na nyingine ambazo nakala hutosha. Sheria za nchi hazifanani. Uholanzi kila aliyetimiza miaka 14 hutakiwa aweze kuonyesha kitambulisho halali akitakiwa na polisi, awe mwenyeji au mgeni. Japani humtaka mgeni atembee na pasipoti yake, au na kibali cha kushukia alichopewa bandarini. Kwengine hakuna anayekuuliza lolote tangu asubuhi hadi unaporejea. Msafiri hana haja ya kuzihifadhi sheria hizi zote kichwani. Meli hutoa karatasi ya habari za kila siku, aghalabu huletwa chumbani jioni au husomwa kwenye simu, na humo huandikwa kesho mnatia nanga wapi, mshuke na hati gani, saa ya mwisho ya kurudi, na jina na simu ya wakala wa bandari. Karatasi hiyo mama aishuke nayo. Tungeitanguliza hata mbele ya kamera.

Tahadhari moja juu ya saa ya kurudi. Karatasi itaandika 16:30, na kwa hesabu yetu sisi Waswahili hiyo ni saa kumi na nusu alasiri. Yuko bibi atakayeona 16 akatoa kumi akabaki na sita! Tena meli nyingine hufuata saa yake yenyewe hata ikiwa bandari ina saa nyingine, na simu hujibadilisha pekee ikifuata mnara wa nchi kavu. Vaeni saa ya mkono, muiweke kwa saa ya meli, msiiguse.

Sasa tufike penye uzito. Nasaha nyingi za safari za meli zimeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya kwa ajili ya wenzao, na pasipoti zao si kama zetu. Mmarekani akipoteza kitabu chake Athens, ubalozi wake humpa kingine cha dharura, na nchi zilizo baina yake na kwao nyingi hazimtaki viza. Mkenya akikipoteza amepoteza vitu viwili: kitabu, na viza iliyobandikwa ndani yake, ile aliyoihangaikia kwa taarifa za benki, barua za mwajiri na miadi ya kuchukuliwa alama za vidole. Ubalozi wetu unaweza kumpa hati ya dharura ya kumrudisha nyumbani, lakini hati hiyo haimrudishi melini. Safari imekatika hapo, na mizigo inaendelea peke yake.

Zaidi ya hayo, njia ya mama yetu inatoka Ugiriki, inaingia Uturuki, inarudi Ugiriki. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja haimfai, kwa kuwa atakuwa ametoka na kuingia tena. Anahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja, na hili alitazame leo, wala asingoje kuambiwa kwenye ngazi ya meli. Kwa upande wa Uturuki aiulize kampuni kwa maandishi kama abiria mwenye pasipoti ya Kenya ataruhusiwa kushuka na kwa hati gani, na jibu alihifadhi. Nakala, hata ipigwe muhuri na wakili mkubwa kiasi gani, humthibitisha mtu ni nani. Haimvushi mpaka.

Kwa hiyo jirani ana hoja. Civitavecchia, ambako meli za Roma hutia nanga, abiria hupanda treni hadi mjini, na vituo vya treni vya Roma vina sifa ya wachopozi sawa na barabara ya La Rambla ya Barcelona. Mwizi haitaki pasipoti yako, anautaka mkoba, na pasipoti imo ndani ya mkoba.

Lakini mwana naye ana hoja, na hapa tuelezee yaliyotokea São Tomé, kisiwa cha magharibi ya Afrika, tarehe 27 Machi 2024. Abiria wanane wa meli iitwayo Norwegian Dawn walikwenda matembezi waliyoyapanga wenyewe, si yale ya kampuni, wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani waliwapeleka kwa mashua hadi karibu na meli, nayo ilikuwa bado imetia nanga, lakini hawakupandishwa. Pasipoti zao zilishushwa zikaachwa kwa wakala wa bandari. Miongoni mwao walikuwamo wazee na mwanamke mjamzito. Wakaifuata meli kwa ndege, nchi baada ya nchi, hadi Gambia. Hali ya bahari ikaizuia meli kutia nanga huko. Wakaendelea hadi Dakar, Senegal, na wakapanda tarehe 2 Aprili. Hao walikuwa Wamarekani na Waaustralia. Hebu fikirini ingekuwaje kwa familia ya Kenya kupita viwanja vyote hivyo vya ndege, kila afisa akiuliza viza.

Wako waliomlaumu nahodha, na wako waliowalaumu abiria. Sisi tunaona sheria ilikuwa upande wa nahodha, na huruma ilikuwa upande wa wazee wale, na kwamba meli iliyo bado kwenye nanga ingeweza kushusha ngazi. Hata hivyo msafiri asiweke roho yake kwenye huruma ya mtu aliye juu ya ngazi.

Katika kisa hiki mna jambo la kulishika. Desturi ya meli nyingi, abiria akikosekana saa ya kuondoka, ni kuingia chumbani mwake, kulifungua kasha la chuma, na kutafuta pasipoti ili ipewe wakala. Kwa hivyo ikiwa utaiacha melini, iache ndani ya kasha hilo hilo. Usiifiche chini ya godoro wala katikati ya nguo kama tunavyoficha dhahabu nyumbani, kwa kuwa atakayeitafuta ana dakika chache tu.

Rai yetu kwa mama huyu basi ni hii. Siku anayoshuka kwa matembezi ya kampuni, meli kwa kawaida huwangoja watu wake: aiache pasipoti, ashuke na nakala na kadi, isipokuwa karatasi ya siku imesema vingine. Siku anayokwenda mbali kwa gari la kukodi na wanawe, meli haimngoji: ashuke na pasipoti yenyewe, akiwa ameifunga mwilini. Buibui hapa lina faida ambayo watalii wenzake wataionea wivu. Kifuko chembamba cha kuning'iniza shingoni, kikalala ndani ya buibui, hakuna mchopozi atakayekiona. Na kisiwa ambacho meli husimama mbali na abiria hushushwa kwa mashua, kama Santorini, atoke mjini mapema. Huko mji uko juu ya jabali, na kushuka ni kwa gari la kamba lenye foleni ndefu, au kwa ngazi zaidi ya 500.

Limebaki la nani abebe. Ada ya familia zetu ni baba kuzishika pasipoti zote katika mkoba mmoja, na nia yake ni njema. Lakini bandarini familia hugawanyika: baba na wavulana wamekwenda kutafuta msikiti, mama na mabinti wako sokoni, na polisi amemsimamisha mama. Hana karatasi hata moja yenye jina lake. Simu ya mumewe haipatikani. Kila mwanamke mtu mzima, na kila msichana aliyefikia kutembea bila kushikwa mkono, awe na nakala yake mwenyewe na namba ya wakala mwilini mwake. Mume asiyeridhia hilo tungemuomba atueleze anachokihofia. Na namba ya siri ya kasha la chuma ijulikane na wote wawili.

Mwanamke anayefunika uso ajue kuwa mlangoni mwa meli sura yake italinganishwa na picha kila apitapo. Aombe mapema afisa wa kike. Huombwa kwa upole, na mara nyingi hupatikana.

Jambo jingine linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Wanawake wa kwetu hawabadilishi jina kwa ndoa. Mama ni binti wa baba yake, na mtoto anafuata jina la baba yake mwengine, na afisa wa Ulaya akizitazama pasipoti mbili haoni uhusiano wowote. Mama anayesafiri na mtoto mdogo bila ya mume achukue nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba kwa Kiingereza, yenye namba za pasipoti zote.

Nakala ya simuni ni nzuri kuongezea, si ya kutegemea. Betri hufa, na simu ndiyo kitu cha kwanza kuibiwa. Wala msiisambaze katika makundi ya WhatsApp ya ukoo mzima mkasema ni kwa usalama. Wangapi kwetu wamesikia laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho chao na mtu wasiyemjua? Mtumieni mmoja mnayemwamini nyumbani, na nyingine iwekwe kwenye barua pepe.

Jioni ya mwisho, ikiwa meli ilizishika pasipoti, huzirudisha kwa foleni, watu wamechoka na wanawaza mizigo. Mama asimtume mtu. Aende mwenyewe, azipokee zote tatu, afungue kila moja hapo hapo mezani, aitazame picha na viza, kisha ndipo aondoke dirishani.