Njuga Ziachwe Mguuni

Katika toleo hili kuna kozi, tai na bundi waliojaa ukurasa mzima, mabawa yametandazwa na kucha zimetangulia mbele. Ukitazama vizuri utaona vipande vya ngozi vikining'inia miguuni, na kwa baadhi yao njuga. Ni ndege wa kufugwa. Tuliombwa tuvifute vitu hivyo kwa kompyuta ili picha zionekane za porini. Tumekataa, na sababu zetu ni hizi.

Picha ya karibu ya ndege mwindaji aliyezoea watu ina thamani yake yenyewe. Anaporuka kutoka kwenye nguzo kuifuata nyama iliyo kwenye glavu ya mtunzaji, mpigapicha aliyelala hapo kando huona mambo ambayo porini ni nadra kuyaona: yale manyoya machache ya mbele ya bawa yanayoinuka ndege anapopunguza mwendo, na utando unaolipitia jicho kulikinga. Kiu hii ya kuona ni ya zamani. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, akawalenga nayo ndege warukao.

Wala kazi yenyewe si rahisi kwa kuwa ndege amefugwa. Anayeruka mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 2 ndani ya 1/500 ya sekunde, na ncha ya bawa huenda kasi zaidi ya mwili. Ndiyo maana wengi hutumia 1/2000 au chini ya hapo. Ndege hupenda kutua akiukabili upepo, basi mpigapicha huupa upepo mgongo, akalenga mapema mahali ndege atakapopita, akasubiri.

Linalonigusa zaidi ni mizani. Mtunzaji makini humpima ndege wake uzito kabla ya kumrusha. Akiwa ameshiba hana haja ya kurudi, atakwenda kukaa mtini. Akiwa amekondeshwa kupita kiasi, anaumizwa. Kila mruko hulipwa kwa kipande cha nyama, kwa hiyo idadi ya miruko ya siku huamuliwa na tumbo la ndege, hata kama mteja amelipa ada kubwa na hajapata picha anayoitaka. Mtunzaji akisema basi, kamera ifungwe. Na anayemshindisha ndege njaa ili wateja waendelee kupiga picha asipewe hata shilingi.

Picha ya namna hii huharibika pale inapodanganya. Mshindi wa mwaka 2009 wa shindano la Wildlife Photographer of the Year la London, José Luis Rodríguez, alinyang'anywa ushindi Januari 2010 baada ya waamuzi kuona kwamba mbwa mwitu wake arukaye lango huenda alikuwa wa kufunzwa. Yeye alikana. Picha ilibaki ileile, ila imani ya watazamaji iliondoka. Kwa ndege wawindaji hasara ni kubwa zaidi, maana wengi wanapungua Afrika. Msomaji anayeonyeshwa tai wa kufugwa kana kwamba ni wa porini atadhani porini bado wamejaa tele. Kule Naivasha, Kenya, wapo ndege wanaotunzwa baada ya kuunguzwa na nyaya za umeme au kula mizoga yenye sumu, na wengine hawataweza kuachiwa tena. Ukiufuta mguu uliofungwa, umeifuta na habari hiyo.

Kwa hiyo, ndugu wapigapicha, mnapotutumia kazi zenu andikeni kwenye maelezo kwamba ndege amefugwa, yuko wapi, nani alimrusha, na kama kuna chochote kilichofutwa. Picha isiyo na maelezo hayo hatutaichapa.