Wanakuuzia vitufe. Wewe angalia sufuria

Kila wiki inboksi yangu inajaa swali moja: "Bro, ninunue presha kuka gani?" Halafu mtu anatuma picha tatu za mashine nyeusi zinazofanana kama mapacha. Ya kwanza ina vitufe nane, ya pili kumi na mbili, ya tatu kumi na sita na kimoja kimeandikwa keki. Hakuna mtu amewahi kunitumia picha ya sufuria ya ndani. Hata mmoja. Na hiyo sufuria ndio itaamua kama mashine utakaa nayo miaka mitano ama mwakani utakuwa umeisukuma chini ya kitanda na waya wake umefungwa kwa shingo.

Naongea hivi nikijua nina deni. Mwaka jana nilifanya video ya duka fulani, sitalitaja. Walinipa mashine ya lita sita, nikasoma maneno waliyoniandikia, nikabonyeza vitufe, nikafungua kifuniko na mvuke ukatoka vizuri mbele ya kamera. Watu wakanunua. Kuna madem wawili wa hosteli za Nchiru walichanga pesa ya HELB wakachukua moja juu ya hiyo video, najua kwa sababu waliniandikia wakinishukuru. Mashine yenyewe nikampelekea mathe Runyenjes. Miezi minane ikapita, siku moja jioni akanipigia: "Wewe, hebu niambie, hizi vitu nyeusi ziko kwa githeri ni nini?"

Ilikuwa rangi ya sufuria. Nonstiki imeanza kubanduka pale chini, vipande vidogo kama maganda ya njahi, na kwa githeri yenye njahi huwezi hata kujua unatafuna nini.

Nikarudi kwa lile duka kuuliza sufuria ya kubadilisha. Kijana wa kaunta akaniangalia kama nimeuliza bei ya ndege. "Hiyo hatuuzi pekee. Labda uchukue mashine ingine." Yaani umeme uko sawa, kifuniko kiko sawa, mpira uko sawa, kimeharibika kitu kimoja cha bati, na dawa ni kununua kila kitu upya. Gari ikipata pancha huambiwi ununue gari.

Sasa, mimi si adui wa presha kuka. Ukiishi huku kwetu ni ujinga kuwa adui wake, na sababu ni mlima. Meru mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Maji yanachemka kwa karibu digrii 95, si 100 kama Mombasa. Embu iko chini kidogo lakini stori ni ile ile. Maji yakishachemka hayapandi tena, hata uongeze makaa hadi jirani aite zimamoto. Kwa hivyo mahindi makavu na maharagwe yanakaa tu kwa digrii 95 nusu ya siku, unaongeza maji, unaongeza makaa, unaongeza maji. Ukifunga mvuke ndani kwa presha, maji yanapanda hadi kati ya digrii 110 na 120, na hapo mahindi hayana ujanja. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti moja ya token. Na haiwaki saa nzima, ikishafika presha inajizima na kujiwasha. Kenya Power wanahubiri haya na kampeni yao ya Pika na Power, na kwa hilo niko upande wao, ingawa stima ikipotea siku tatu mtanipata upande ule mwingine.

Shida yangu ni sufuria inayokuja ndani. Kwa mashine nyingi utakazopata madukani Makutano au pale Embu karibu na stendi, ni alumini iliyopakwa nonstiki. Nyepesi, inang'aa, chakula kinateleza. Kwa mtu anayepika wali wa kikombe kimoja na kuutoa na kijiko cha plastiki, hiyo sufuria ni poa kabisa. Lakini nani kwetu anapika hivyo?

Sisi tunapika mukimo. Fikiria vizuri mukimo unatengenezwaje. Unachemsha mahindi, viazi, majani ya malenge. Halafu husogezi chakula kwa sahani, unaponda. Pale pale ndani. Mathe anakamata mwiko kama mtu anatwanga, anagonga chini, anakwaruza pembeni, anarudia mpaka kila kitu kimekuwa kijani. Hakuna rangi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa hiyo kazi. Halafu jioni sufuria inaoshwa na stilwulu, kwa sababu nyumba yenye heshima inajulikana kwa sufuria zinazong'aa. Shosho yangu alikuwa anasugua na mchanga na jivu, na nikimwambia hii usisugue angeniuliza nani alinifundisha uvivu.

Na magadi je? Watu wengi bado wanatupia kijiko cha magadi kwa mahindi au mbaazi ziive haraka. Magadi inakula alumini. Sufuria ikiwa imeshakwaruzika, magadi inapita pale kwa mkwaruzo na kuanza kazi kwa chuma chenyewe, na rangi ya pembeni inaachia zaidi. (Kusema ukweli, kwa presha hauhitaji magadi hata kidogo. Lakini nenda umwambie mama yako.)

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnitukane kwa komenti mkitaka: kama unaishi Meru, Embu, Chuka, popote chakula ni githeri na mukimo, chukua sufuria ya stenlesi. Ile ya chuma kisichoshika kutu, isiyo na rangi yoyote ndani. Ukikwaruza, umekwaruza chuma, na chini yake kuna chuma kingine.

Angalia chini yake kabla ya kulipa. Ikiwa imegongwa 304 au 18/8, hiyo ni ile yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na hiyo ndio unataka. Halafu pima unene wa kitako. Chuma cha namna hiyo kinapitisha joto vibaya, alumini inakishinda zaidi ya mara kumi, kwa hivyo zile nzuri zina bamba la alumini limefungiwa katikati ya vyuma viwili pale chini. Kitako kikiwa chembamba kama kifuniko cha kopo, maharagwe yako yataungua katikati na kubaki mawe pembeni.

Najua mtasema stenlesi inashika. Inashika, ndio. Wali utashika, uji utashika, na ukikaanga kitunguu halafu ufunge bila kukwangua chini, mashine italia na kuzima. Dawa ni mafuta kidogo, kukwangua na mwiko ukiweka maji, na baada ya kupika uache presha ishuke polepole, kile kilichoshika kitajiachilia chenyewe kwa mvuke. Ikikataa, loweka usiku. Nimeosha sufuria za namna hiyo kwa keja ya bedsita yenye maji ya mtungi, kwa hivyo usiniambie haiwezekani.

Kuna zile zinaitwa keramiki pia. Zinateleza vizuri miezi ya kwanza, halafu zinachoka. Tuendelee.

Kuna kundi lingine linaniudhi kuliko maduka, na hao ni wale wa kusema nonstiki ni kansa. Kila mtu na simu sasa ni daktari. Tuwe wakweli. Ile rangi ya Teflon iligunduliwa 1938 na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont kule Marekani, kwa bahati tu, akifanya utafiti wa gesi za friji. Rangi yenyewe ikikaa baridi au kwa joto la kawaida la kupika haifanyi kitu, na kipande ukimeza kinapita na kutoka vile kiliingia. Inaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya ikipita digrii 260. Presha kuka haifiki hata nusu ya hiyo ikiwa na maji ndani. Skendo iliyokuwepo, na ilikuwa kubwa, ni ya kemikali nyingine iliyotumika viwandani kutengeneza rangi hiyo, PFOA, ambayo ilimwagwa kwa mito na maji ya watu kule West Virginia. Mwishoni mwa 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwa orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Hao watu walionewa vibaya sana na kiwanda. Lakini kuchukua machungu yao kumtisha mathe wa Runyenjes juu ya githeri ni utapeli wa kutafuta watazamaji, na mimi nafanya hii kazi, najua utapeli ukiuona unafananaje.

Ukitaka kuogopa kitu, ogopa hii: watu wanatoa sufuria ya ndani na kuiweka juu ya gesi. Nimeona kwa hosteli, nimeona kwa harusi. Sufuria tupu ya nonstiki juu ya moto wa gesi inaweza kupita digrii 260 kwa dakika chache tu. Hapo sasa moshi ni wa kweli. Na hata isipotoa moshi, kitako kinajikunja, ukiirudisha haikai sawa tena.

Na kukaa sawa ndio jambo ambalo hakuna mtu wa unboksingi anakuambia. Fungua mashine yako sasa hivi, toa sufuria, angalia ndani. Utaona sahani ya kupasha moto, na katikati kidude kidogo cha mviringo kinachobonyea kwa springi. Hicho ndicho kinapima joto, na lazima kiguse kitako cha sufuria. Sahani nyingine ziko bapa, nyingine zimevimba kidogo katikati. Ukiweka sufuria ya kitako bapa juu ya sahani iliyovimba, inagusa sehemu moja tu. Joto halipandi vizuri, mashine inadhani chakula kimeungua, inazima. Wewe unasema imeharibika.

Halafu kuna kimo. Sufuria ikiwa fupi milimita chache, mpira wa kifuniko haubani na mvuke unatoroka. Ikiwa ndefu, kifuniko hakifungi, na kuna wasee watakilazimisha na goti. Usilazimishe kifuniko cha kitu cha presha na goti, tafadhali. Tena mashine nyingi za bei yetu zinajua presha imefika kwa vile sufuria inasukumwa chini kidogo juu ya sahani, kwa hivyo sufuria isiyo ya saizi yake inaidanganya mashine. Lita sita ya kampuni hii si lita sita ya kampuni ile. Ukienda kutafuta ya kubadilisha, iwe Gakoromone au Nairobi, beba ile ya zamani mkononi. Pima upana wa mdomo, pima kimo, zigeuze zote mbili juu ya meza uone vitako vinafanana. Na sufuria ya kawaida ya jikoni usiitumbukize humo ndani hata siku moja.

Mniambie sasa, kwa nini mtu aliyenunua mashine kwa elfu kumi azunguke na sufuria mkononi kama mtoto aliyetumwa maziwa? Instant Pot ya Kanada, iliyoanza kuuzwa 2010, ilikuja na sufuria ya stenlesi, na ukitaka ya pili wanauza pekee. Si sayansi ngumu. Hapa kwetu kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari anazohitaji kufaidika nazo. Habari gani ni muhimu kuliko kwamba kitu cha kwanza kuharibika hakina spea? Na kabla mtu aniambie nimeacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo niache Katiba, iko kwa mtandao bure, na imeandikwa kwa Kiswahili pia.

Kwa hivyo ukiingia dukani, acha kuuliza kitufe cha keki kinafanya nini. Hutawahi kupika keki humo. Muulize mtu wa kaunta, "Sufuria ya hii ikiharibika, mnaniuzia ingine pesa ngapi?" Akisema nyingine iko na akakuonyesha, lipa. Akisema itakuja, muulize lini, aandike kwa risiti. Akicheka, toka nje, duka linalofuata liko hatua kumi. Kama mashine unayoipenda inakuja na nonstiki lakini wanauza ya stenlesi ya saizi yake, ongeza hiyo pesa siku hiyo hiyo, usingoje ibanduke, kwa sababu ikibanduka kampuni itakuwa imeleta modeli mpya yenye kimo tofauti.

Wale madem wa Nchiru niliwaandikia. Yao bado haijabanduka, wanapika wali na ndengu tu, wanatumia mwiko. Nimewaambia wasiguse stilwulu. Ya mathe nilipata stenlesi baada ya kujaribu maduka manne na sufuria yake kwapani, na ilinigharimu karibu nusu ya bei ya mashine nzima. Ile ya zamani anawekea kuku maji.

Lile duka limenitafuta tena mwezi uliopita, wana modeli mpya, vitufe ishirini, wananilipa mara mbili. Nimewaambia nitafanya video siku watanitumia bei ya sufuria ya ndani ikiuzwa pekee. Wamesoma, tiki mbili za bluu. Hawajajibu.