Viatu vya Kuazima

Kila tuwaulizapo wanafunzi wetu wangependa kufanya kazi gani ukubwani, hawakosi wawili watatu wa kujibu: «Kucheza mpira, Mwalimu.» Wenzao hucheka. Sisi hatucheki, ila twawauliza swali la pili: na miguu ikichoka, je? Hapo wote hunyamaza. Leo basi twapenda kuwaeleza habari za Just Fontaine, ambaye swali hilo lilimfikia mapema mno.

Alizaliwa Marrakech, katika nchi ya Moroko, mwaka 1933. Alianza kucheza Casablanca, kisha akavuka bahari kwenda Nice, na mwaka 1956 akaingia timu ya Reims. Mwaka 1958 Wafaransa walikwenda Uswidi kushindania Kombe la Dunia. Huko viatu vya Fontaine vikaharibika, wala hakuwa na jozi nyingine! Mwenzake Stéphane Bruey, mchezaji wa akiba ambaye mguu wake ulilingana na wa Fontaine, akamwazima vyake. Kwa viatu hivyo alifunga mabao 13 katika michezo 6. Manne aliwafunga Wajerumani siku moja. Hata leo hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika Kombe moja.

Lakini mwezi wa Machi 1960 alivunjika mguu. Mfupa ukaungwa, akarudi uwanjani. Januari 1961 akavunjika tena. Mwaka 1962 aliuaga mchezo, naye ana miaka 28 tu. Fikirini, enyi wazazi: umri ambao wengine wetu ndipo tulipoanza kazi!

Tena siku zile mchezaji wa Ufaransa alifungwa na mkataba wa timu yake mpaka atimize miaka 35. Timu iliweza kumwuza; yeye hakuwa na ruhusa ya kuhama kwa hiari yake. Kwa hiyo mwaka 1961 Fontaine na Eugène N'Jo Léa, kijana wa Kamerun aliyecheza mpira huku akisomea sheria, walishiriki kuanzisha chama cha wachezaji, na Fontaine akawa rais wake wa kwanza. Mkataba ule ulibadilishwa mwaka 1969, wakati yeye amekwisha kuuacha uwanja.

Alihamia Toulouse, akafungua duka la vifaa vya michezo. Baadaye akauza mavazi ya Lacoste, yale yenye alama ya mamba. Twajua wako watakaoona aibu: mtu aliyeshangiliwa na maelfu, leo ampimia mtoto kiatu! Sisi twaona vingine. Jina kubwa humwingiza mnunuzi dukani mara ya kwanza. Mara ya pili humrudisha bei ya haki na kiatu kisichopasuka upesi. Na kuhusu viatu vinavyopasuka, nani angemshinda Fontaine kwa kujua?

Mpira wenyewe hakuuacha kabisa. Aliwafundisha wachezaji wa Moroko, wakapata nafasi ya tatu katika Kombe la Afrika la mwaka 1980. Alifariki Toulouse mwezi wa Machi 2023, mwenye miaka 89.

Tulipomaliza kusimulia hayo darasani, mtoto mmoja wa kiti cha nyuma alituuliza kama Fontaine, huko dukani kwake, aliwahi kumwazima mtu viatu. Darasa zima likacheka, na safari hii tukacheka nao.