Ukakamavu si Ukatili: Neno kwa Wapenzi wa Mpira wa Vikapu

Kila mechi za mchujo za NBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa vikapu ya Marekani, zinapowadia, mabweni yetu hugeuka mabaraza. Wapenzi wa mchezo huu hukesha kwa sababu ya tofauti ya saa, na kunapokucha huwa na macho mekundu na maneno mengi. Neno ambalo halikosi kusikika ni kwamba mchezo umelegea. Wanadai kwamba wachezaji wa zamani walikuwa wanaume wa shoka, ilhali hawa wa leo wakiguswa kidogo tu huanguka wakimlilia refa. Wanadai pia kwamba chipukizi wanaoingia ligini siku hizi hawana adabu kwa sababu hawakupitishwa katika tanuri lililowapitisha wakubwa wao.

Makala haya yananuia kuyapinga madai hayo. Sisemi kwamba hayana chembe ya ukweli. Nasema kwamba yanachanganya mambo mawili yasiyochanganyika: ukakamavu na ukatili. Aidha, yanapomgeukia chipukizi, yanachanganya unyenyekevu na unyonge.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuanzia kwenye maneno. Kukakamaa ni kukaza mwili na kuwa imara. Mkakamavu ni yule asiyetikisika. Ukatili ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa katili hupimwa kwa maumivu ya mwenziwe, wala si kwa uthabiti wake mwenyewe. Vivyo hivyo, lugha yetu ina zaidi ya jina moja la kumwita anayeanza jambo. Tuna mwanagenzi, ambaye yu tayari kujifunza kazi. Tuna chipukizi, ambaye tunatarajia makubwa kutoka kwake. Kisha tuna limbukeni, ambaye ameonja mara moja na tayari anajiona gwiji. Anayewatia wote hao katika kapu moja amewakosea wawili wa kwanza.

Tuuangalie mchezo wenyewe ulivyozaliwa. Mnamo Desemba 1891, mwalimu James Naismith aliubuni mpira wa vikapu mjini Springfield, katika jimbo la Massachusetts. Alihitaji mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya jengo wakati wa baridi, usiowaumiza kama michezo ya nje ya kukumbana na kuangushana. Katika kanuni zake 13 za mwanzo, alikataza kumpiga mpinzani kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumtega na kumgonga. Aliyekusudia kumjeruhi mwenzake alitolewa kwa muda wote uliosalia wa mchezo. Kwa hivyo, wanaosema kwamba sheria za kuwalinda wachezaji ni ulaini ulioletwa juzi wanasahau kwamba sheria hizo zina umri sawa na mchezo.

Pamoja na hayo, Naismith hakuunda mchezo wa kukwepana. Mpira wa vikapu unaruhusu miili kukutana. Mchezaji anaweza kumpa mpinzani mgongo chini ya kikapu ili asiufikie mpira unaorudi. Anaweza kukita miguu na kukipokea kifuani kishindo cha jitu la kilo 120 linalokuja mbio. Ana haki ya mahali aliposimama na ya hewa iliyo juu ya kichwa chake. Haya yote yanauma, na yote ni halali. Hapa ndipo ukakamavu wa kweli unapokaa.

Watetezi wa ubabe hupenda kuitaja timu ya Detroit Pistons ya mwisho wa miaka ya 1980, na mfano wao hauwezi kupuuzwa. Kikosi hicho cha kocha Chuck Daly, chenye akina Isiah Thomas, Bill Laimbeer, Rick Mahorn na Dennis Rodman, kilipewa lakabu ya wavulana wabaya na kikaifurahia. Kilitwaa ubingwa mwaka 1989 na mwaka 1990. Kilikuwa na mpango maalumu dhidi ya Michael Jordan wa Chicago Bulls, ambao ulijulikana kama Kanuni za Jordan. Kila alipokaribia kikapu, alizingirwa na kukumbwa, na mara nyingi aliangushwa. Detroit iliing'oa Chicago katika mechi za mchujo mwaka 1988, 1989 na 1990.

Je, Jordan alijibu vipi? Hakujifunza kuangusha wenzake. Aliingia katika ukumbi wa mazoezi pamoja na mkufunzi Tim Grover, akajenga misuli ya kuvumilia vishindo, na akajifunza kuwaamini wenzake kwa mpira pale alipozingirwa. Mwaka 1991 Chicago iliishinda Detroit mechi nne kwa nunge. Katika mechi ya nne, zikiwa zimesalia sekunde chache, wachezaji kadhaa wa Detroit waliondoka uwanjani bila kuwapa washindi mkono. Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Siku ile, watu waliojiita wagumu kuliko wote walishindwa na jambo dogo mno, kumshika mkono aliyewashinda.

Isitoshe, kikosi hicho hicho kina ushahidi mwingine ambao watetezi wa ubabe huupitia mbali. Mchezaji bora wa fainali ya mwaka 1989 hakuwa Laimbeer wala Mahorn. Alikuwa Joe Dumars, mtu mpole, ambaye Jordan alimhesabu miongoni mwa walinzi waliomsumbua mno. Dumars alikaba kwa miguu na akili. Ligi ilipoanzisha tuzo ya uungwana uwanjani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea, mwaka 1996, na baadaye kombe la tuzo hiyo likapewa jina lake. Siku ile ya aibu ya mwaka 1991, alikuwa miongoni mwa wachache wa Detroit waliowapa washindi mkono. Iwapo upole ni udhaifu, basi tuelezwe ni kwa nini mpole huyo ndiye aliyeng'aa kuliko wababe wote katika fainali.

Ukatili nao una historia yake, na historia hiyo haifurahishi. Tarehe 9 Desemba 1977, Kermit Washington wa Los Angeles Lakers alikuwa akipigana na mchezaji wa Houston Rockets. Rudy Tomjanovich wa Houston alikimbia kuelekea pale ili kutuliza ghasia. Washington aligeuka na kumpiga ngumi moja. Ngumi hiyo ilivunja mifupa ya uso wa Tomjanovich na kuhatarisha maisha yake, na hakucheza tena msimu huo. Washington alitozwa faini ya dola 10,000 na kupigwa marufuku kwa siku 60. Tomjanovich alipona, akawa kocha na kuiongoza Houston kutwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Hata hivyo, wote wawili walibaki wakitambulishwa kwa ngumi hiyo moja kwa miaka mingi.

Tarehe 19 Novemba 2004, katika uwanja wa Auburn Hills karibu na Detroit, mambo yaliharibika tena. Mechi kati ya Detroit na Indiana Pacers ilikuwa imebakisha chini ya dakika moja, na mshindi alikwisha kujulikana. Ron Artest wa Indiana alimchezea vibaya Ben Wallace, naye Wallace akamsukuma kwa hasira. Mtazamaji alipomrushia Artest kikombe cha kinywaji, Artest alipanda jukwaani na vita vikazuka kati ya wachezaji na mashabiki. Wachezaji tisa walipigwa marufuku, na adhabu zao zote kwa jumla zilifikia mechi 146. Artest mwenyewe alikosa msimu wote uliosalia. Baadaye mtu huyo alitafuta msaada wa daktari wa mambo ya akili, na aliposhinda ubingwa na Lakers mwaka 2010, alimshukuru daktari huyo hadharani mbele ya kamera. Naam, kusema mbele ya ulimwengu kwamba ulihitaji msaada ni ukakamavu ambao ngumi haiwezi kuufikia.

Kutokana na mikasa ya aina hii, ligi imeendelea kukaza sheria. Leo, mguso usio wa lazima humpa aliyetendewa mitupo miwili huru na timu yake kurudishiwa mpira. Mguso ukiwa si wa lazima tena umekithiri, mkosaji hutolewa nje. Tangu msimu wa 2004-05, waamuzi wamekuwa wakali zaidi dhidi ya walinzi wanaomzuia mshambuliaji wa pembeni kwa kumwekea mkono. Sikatai kwamba sheria hizi zimewapa baadhi ya wachezaji mwanya wa kujiangusha na kuigiza maumivu. Hilo ni kosa, na linastahili adhabu. Lakini dawa ya mwongo si kumrudishia katili ruhusa yake.

Sasa tumgeukie chipukizi. Katika NBA ni desturi ya miaka mingi kwamba mchezaji wa mwaka wa kwanza huwabebea wakubwa mizigo, huwanunulia maandazi asubuhi na wakati mwingine hulazimishwa kubeba begi la kitoto mgongoni mbele ya watu. Mengi ya haya ni mzaha usiodhuru. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kijana aliyepewa mamilioni ya dola kabla hajatimiza miaka 20 huenda akafaidika kwa kukumbushwa kwamba kuna waliomtangulia. Swali ni hili: je, kuinama huko ndiko kunakomkomaza mchezaji?

Earvin "Magic" Johnson aliingia Los Angeles Lakers mwaka 1979. Katika mechi yake ya kwanza, Kareem Abdul-Jabbar alifunga mtupo wa ushindi dakika ya mwisho, na kijana huyo akamrukia na kumkumbatia kana kwamba wametwaa ubingwa. Mkubwa wake alimtahadharisha kwamba bado kulikuwa na mechi 81. Hakumdhalilisha. Mei mwaka uliofuata, Kareem aliumia kifundo cha mguu na hakuweza kusafiri kwenda Philadelphia kwa mechi ya sita ya fainali. Magic, akiwa na umri wa miaka 20, alikalia kiti cha Kareem ndegeni na kuwaambia wenzake wasiogope. Alicheza katika nafasi ya Kareem, akapata pointi 42 na kudaka mipira 15 iliyorudi, na Lakers wakawa mabingwa. Wangemvunja moyo mwezi Oktoba, wangempata wapi mwezi Mei? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kobe Bryant naye aliingia timu hiyo hiyo mwaka 1996, moja kwa moja kutoka shule ya upili. Tarehe 12 Mei 1997, katika mechi ya tano dhidi ya Utah Jazz, alijaribu mitupo minne katika dakika za lala salama na za nyongeza. Yote minne haikugusa hata ukingo wa kikapu, na Lakers wakang'olewa. Wapo waliomwita limbukeni. Lakini Shaquille O'Neal, nyota wa timu, alisema baadaye kwamba kijana huyo ndiye pekee aliyekuwa na moyo wa kujaribu. Bryant mwenyewe alilichunguza kosa lake bila visingizio. Aligundua kwamba miguu yake haikuwa na nguvu za kuhimili msimu wa mechi 82, akabadilisha mazoezi yake. Kabla ya kustaafu mwaka 2016, alikuwa ametwaa ubingwa mara tano. Mwanagenzi hutambulikana kwa anachokifanya asubuhi baada ya kushindwa.

Wala tusimsahau Mwafrika mwenzetu, Dikembe Mutombo wa Kongo, aliyeingia Denver Nuggets mwaka 1991. Viwiko vyake viliogopwa na ligi nzima, na hilo ni doa ambalo sitalifuta kwa kuwa ni wetu. Hata hivyo, sifa yake kuu ilitokana na mkono uliozuia mitupo, na alichaguliwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Alipofariki Septemba 2024, aliombolezwa pia kwa sababu ya hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007.

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Nikiwa kidato cha pili, nilijiunga na timu ya vikapu ya shule yetu. Tulikuwa wageni watatu, na mmoja wetu alikuwa mrefu kuliko mwanafunzi yeyote shuleni. Wakubwa walitukaribisha kwa viwiko. Jioni moja mwenzetu huyo alipigwa kiwiko cha makusudi mdomoni, jino likang'oka. Nahodha alisema kwamba hivyo ndivyo wanavyocheza Marekani. Kocha alicheka. Mwenzetu aliokota jino lake, akaondoka, na hakurudi tena uwanjani. Nami sikusema neno, nikidhani kunyamaza kwangu ni ukakamavu. Muhula uliofuata tulitolewa katika mashindano ya wilaya kwa kukosa mtu wa kudaka mipira chini ya kikapu.

Nimewaza sana kuhusu jioni ile. Nahodha wetu alikuwa ameiona Marekani nusu. Alimwona Laimbeer asimwone Dumars. Aliona Jordan akiangushwa, hakuona saa ambazo Jordan alizitumia kujenga mwili wa kusimama tena. Nami, niliyeogopa kuitwa mlaini, nilikuwa mlaini kuliko wote.

Kwa hivyo, wenzangu, mtakapokesha tena mkitazama mechi, tazameni kwa makini anayekita miguu ili apokee kishindo, anayeshindwa na kutoa mkono, na mkongwe anayemwonyesha chipukizi mahali pa kusimama. Na mkirudi katika uwanja wetu wa saruji nyuma ya mabweni, mkamkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisubiri pembeni kwa woga, mkabeni kwa nguvu zenu zote ndani ya sheria. Akianguka, mnyosheeni mkono ainuke. Akipigwa kiwiko, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.