Abiria wa Kusini Anyimwa Chakula cha Kusini

Abiria anayepanda basi alfajiri mjini Mtwara kwenda Dar es Salaam huondoka katika nchi ya muhogo, nazi na samaki. Kusini-mashariki yake iko Ghuba ya Mnazi, ambako wavuvi wa Msimbati huvua changu na pweza. Nyuma yake yako mashamba ya muhogo, mbaazi na kunde. Lakini jua linapofika utosini na basi kusimama, anachokuta mezani ni chipsi, kuku wa kisasa na soda. Akiulizia muhogo wa nazi huchekwa, kana kwamba ameomba chakula cha mifugo.

Chipsi hizo zimetoka wapi? Viazi vyake havikulimwa Lindi wala Mtwara. Vimesafirishwa mamia ya kilomita kutoka nyanda za juu za Njombe na Mbeya. Mafuta yaliyozikaanga yana asili ya mbali zaidi, kwa maana sehemu kubwa ya mafuta ya kula yatumikayo nchini huagizwa kutoka ng'ambo. Hivyo fedha ya abiria hupita juu ya vichwa vya mkulima na mvuvi wa Kusini, ikaenda kutajirisha wengine. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

Wapo wanaodai kwamba haya ndiyo maendeleo. Dai hilo ni potofu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kusini alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yalipochachamaa alilala njiani. Katika dhiki ile alilishwa na wanavijiji: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, samaki wa mtoni. Leo lami imefika, na gesi ya Ghuba ya Mnazi husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2015. Je, ni haki kwamba barabara iliyojengwa kwa fedha za umma imfikishe mwananchi haraka zaidi, lakini imtenge na jungu la mwananchi mwenzake?

Ukweli ni kwamba mara nyingi si abiria achaguaye pa kula. Huchaguliwa na dereva na kondakta, ambao hula bure katika hoteli wanayoipelekea wateja. Mama lishe asiye na sahani ya bure ya kuwapa wakubwa wa basi hubaki nje, na beseni lake kichwani, akiinua samaki wa kukaanga kuelekea dirishani huku injini inanguruma. Mara basi huondoka chenji haijarudi. Mara huondoka samaki amechukuliwa na fedha haijatolewa. Huo ni unyonyaji, hata kama unafanywa kwa vicheko.

Kisingizio cha kwanza ni usafi. Lakini usafi hauletwi kwa kumfukuza mpishi na kumwaga chakula chake. Huletwa kwa maji ya bomba, choo na paa. Kisingizio cha pili ni haraka. Hiki nacho hakina msingi, kwani chipsi husubiri kukaangwa, ilhali muhogo na mchuzi wa pweza viko tayari chunguni. Anayetaka kweli kuokoa dakika za abiria angesimamisha basi penye chungu.

Halmashauri za njia hiyo, tangu Mtwara hadi Kibiti, haziwezi kudai kwamba hazina nyenzo. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya mama lishe ni miongoni mwa wanaostahili mikopo hiyo. Halmashauri na zijenge mabanda safi kwenye vituo vya mabasi, ziwape wapishi hao nafasi ya mbele, na zipige marufuku desturi ya kumlazimisha abiria kula mahali pamoja.

Hata hivyo, lawama haziishii kwa halmashauri na wenye mabasi. Mtumishi wa umma afunguaye semina ya lishe kwa kusifu vyakula vya asili, kisha akaagiza chipsi saa ya chakula, anabomoa kwa mkono alichojenga kwa mdomo. Mwalimu afundishaye thamani ya kunde na kisamvu, kisha akaona haya kuvila mbele ya wanafunzi wake, amewafundisha somo jingine kabisa, nalo ndilo watakalolikumbuka.

Ming'oko huchimbwa porini, muhogo umo shambani, samaki wako Msimbati, na wapishi wapo. Kinachokosekana ni heshima. Heshima hiyo haiagizwi kutoka ng'ambo. Huanza siku mtumishi na mwalimu watakaposhuka kwenye basi, wakapita mlango wa hoteli ya dereva, wakaketi kwenye benchi la mama lishe na kulipa bei kamili.